Meza ya Kulia

Nyumbani
3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumtakia mtu afya njema, lakini wewe uko hospitali, kwa hiyo nimekaa na kalamu muda mrefu sijui nianzie wapi. Nianze na wa huku. Baba anakusalimu. Kikohozi kimemwachia na ameanza tena kwenda karakana. Anasema kama inahitajika damu, au hata figo, usione haya kusema, kwa sababu dada yake ni wewe tu. Msusi wako anakusalimu sana. Anasema wateja bado wanakuja, wanasuka, wanalipa, lakini saluni imekuwa kama ofisi ya serikali, hakuna anayecheka.

Naandikia kwake, kwenye kiti cha mwisho karibu na sinki la kuoshea nywele. Majibu yako uyatume kwa sanduku lake la posta, tafadhali usitume nyumbani. Tangu ile sauti ya Mheshimiwa ivuje mitandaoni, Katibu wake anakusanya simu zetu mlangoni na kuzitia kwenye kapu, na barua anazifungua yeye. Anasema anampunguzia Mheshimiwa kazi. Na wewe nasikia daktari amekukataza simu ili upumzike.

Nyumba ni nzima. Maua yanamwagiliwa. Wageni wakiuliza habari zako Mheshimiwa anashika kifua, anasema, "Mke wangu ana uchovu tu, atarudi." Yupo mgeni wa kazi amepewa chumba cha wageni. Mimi nasubiri matokeo ya mtihani, na asubuhi nakwenda kozi ya kompyuta.

Shangazi, unaumwa nini? Nilimuuliza baba akaniambia niache maswali. Mheshimiwa sikuweza kumuuliza. Unanijua.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako


Hospitali, chumba cha juu
21 Februari

We mtoto,

Marahaba. Mwambie kaka yangu figo zake akae nazo, alivyozitesa ujanani hata kwa mkopo sizichukui. Mwambie Msusi kwamba huku nywele zangu zinachanwa na nesi mwenye mkono wa kufulia mazulia. Kila asubuhi machozi yananitoka, na daktari anaandika kwenye faili kwamba nina huzuni.

Chumba ni kisafi, sina la kusema. Dirisha linatazama ukuta, ukuta una bomba, bomba linavuja. Hiyo ndiyo televisheni yangu. Juzi nesi huyohuyo alinikazia macho akaniuliza, "Samahani mama, wewe si yule wa magazetini, wa kofia?" Nikamwambia ndiye. Akaniuliza kofia ile ya manyoya niliinunua wapi. Hakuniuliza naumwa nini, na nilimshukuru kwa hilo. Nawe umwige yeye.

Sasa tuje kwako. Nimekulea tangu darasa la kwanza. Najua ukitaka kuficha kitu unaandika habari za maua. Nyumba nzima ina mambo, wewe unaniambia yanamwagiliwa! Nani anakalia kiti changu mezani? Na huyo mgeni wa kazi ni mwanamume au ni mwanamke? Maana umeandika "mgeni" tu, ukajificha nyuma ya neno. Niandikie kama unavyoniambia tukiwa jikoni, kwa sauti yako ile ndogo, lakini yote.

Shangazi yako


Saluni
7 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba hajambo. Msusi amepaka kuta rangi ya waridi na anajuta. Matokeo yangu yametoka, nimefaulu vizuri lugha zote mbili, hesabu usiulize.

Umesema niandike yote. Nimeandika ukurasa huu mara nyingi, nikifika hapa nauchana. Naomba usome ukiwa umekaa.

Mgeni ni mwanamke. Kazi yake wanaiita mshauri wa mawasiliano. Wafanyakazi wote tunamwita Mshauri, na yeye anapenda. Wiki ya kwanza alilala chumba cha wageni. Wiki ya pili mashuka ya chumba cha wageni hayakuhitaji kufuliwa. Kiti chako anakalia yeye. Gauni lako la kijani, lile refu la hariri, amelipeleka kwa fundi likakatwa hadi magotini, kwa sababu alisema lilikuwa "la kizee". Vipande vilivyobaki alimpa mpishi afutie vioo. Nimeviokota. Ninavyo kwenye begi la kompyuta.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Juzi alikuja balozi kula chakula cha mchana. Nilisimama nyuma ya Mheshimiwa kutafsiri, kama kawaida. Balozi aliuliza kwa heshima kabisa, "Mama hajambo?" Mheshimiwa hakunisubiri. Alimjibu mwenyewe kwa lugha ya balozi, akasema, "Mke wangu ni kitambaa cha meza. Kizuri, lakini mkishakula mnakikunja." Balozi alicheka kidogo, kisha akanitazama mimi. Mheshimiwa akageuka, akanipiga kofi dogo la mgongoni. "Huyu usimjali. Ni Bubu wetu. Anatafsiri tu, hasikii."

Na mimi nikakaa kimya, Shangazi. Nikashika jagi la maji na nikamwongezea.

Kingine. Tarehe kumi na sita Mei kutakuwa na dhifa kubwa ya mchana katika ukumbi wa hoteli. Chama chote kinakuja. Mheshimiwa atatangaza kwamba anagombea uenyekiti. Mshauri amepewa kuandaa, na amenipa mimi kadi za mezani niziandike kwa mkono, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Ameniuliza viti hupangwaje. Nimemwambia sijui.

Ni mimi


Hospitali
2 Aprili

Mtoto wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza kukujibu niliandika matusi, na sikutaka Msusi aone nilivyo hodari.

Pole kwa jagi. Usijilaumu. Hata mimi nimemwongezea maji miaka mingi. Hongera ya matokeo, hesabu si ya ukoo wetu.

Nisikilize. Dunia nzima inadhani kazi yangu ilikuwa kuvaa. Wacha wadhani. Kofia ilikuwa ya kuwafanya watazame juu wakati mimi nafanya kazi chini. Kazi yangu ilikuwa viti.

Unawajua wale wanne: Wakili, Kanali mstaafu, Mwenye Saruji na Mama Mbunge. Bila wao Mheshimiwa ni mtu wa suti nzuri tu. Wakili ana mahakama, Kanali ana wazee, Mwenye Saruji ana fedha, Mama Mbunge ana wanawake wote wa chama. Kila mmoja, kwa wakati wake, alipelekwa kwenye veranda yetu akashikwa bega, akaambiwa maneno haya: "Wewe ndiye mkono wangu wa kulia. Nikiwa Mwenyekiti, Makamu ni wewe. Lakini kaa nayo moyoni mpaka siku yenyewe." Nimeyasikia kwa masikio yangu, mara nne, kwa sababu mara zote nne mimi ndiye niliyekuwa napita na sinia la juisi. Hata bega lilikuwa lilelile.

Sasa jiulize kwa nini miaka yote hii hawajawahi kujuana. Ni mimi. Kila karamu, Kanali nilimweka chini ya spika ya muziki, kwa sababu sikio lake moja limekufa na la pili linachoka haraka. Mama Mbunge nilimkalisha na wake za mabalozi, akeshe anatabasamu bila kuelewa. Mwenye Saruji nilimweka mlango wa jikoni, nyama imfikie ikiwa moto, maana yule akila hasemi. Wakili nilimpa jirani mwenye kesi mahakamani, basi anashauri bure hadi anaondoka. Nilikuwa natenganisha watu kama anayetenganisha moto na petroli, halafu napigwa picha. Siasa yake yote imekaa juu ya viti vyangu. Na ananiita kitambaa.

Siku ya dhifa wakalishe meza moja. Ya duara, mbele, ambapo kila mtu anawaona. Wanne tu na wenzi wao. Usiweke maua marefu katikati, nataka wasomane.

Na kadi zao zifuate kanuni yangu: jina juu, cheo chini, na cheo hakibahatishwi. Mtu anapigiwa simu anaulizwa mwenyewe, "Tukuandike nani?" Watakachokuambia, kiandike. Hutakuwa umesema uongo wowote. Utakuwa umetafsiri tu.

Unamkumbuka yule mwalimu wako aliyesema lugha yetu ina maneno machache? Mwambie neno moja tu, kulia. Ni upande, ni kula, ni machozi. Yeye amewaahidi upande, wao watakuja kula, na la tatu tumwachie mwenyewe. Sitaki afe, Mungu amweke. Nataka aaibike akiwa amesimama, amevaa tai, na kipaza sauti kinafanya kazi.

Shangazi yako


Saluni
19 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila baba amejigonga kidole kwa nyundo na anakilaza juu ya mto kama mtoto mchanga.

Nimepiga simu. Mshauri mwenyewe alinipa simu ya ofisi na akasema, "Thibitisha wageni wote, na tafadhali tumia sauti, siyo huo mnong'ono wako." Kila namba nilikuwa naiombea isipokelewe. Zilipokelewa zote.

Kanali aliniambia nirudie swali, nikarudia, akaniambia nirudie tena. Kisha akashusha sauti, na sauti ya Kanali ikishuka bado inasikika barabarani. "Binti, andika Makamu Mwenyekiti Mtarajiwa. Lakini hii ni siri ya mimi na bosi wako. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Wakili kwanza aliniuliza kama simu inarekodiwa, halafu akataja cheo hichohicho na kuniambia kikiandikwa vibaya atajua. Mwenye Saruji alikuwa anakula. Alisema, "Makamu. Herufi kubwa." Mama Mbunge aliniita mwanangu, akaniuliza nasoma wapi, kama nina mchumba, kisha akasema, "Weka Makamu Mtarajiwa, nataka nione nyuso za wanaume wakisoma." Nikasema ndiyo mama.

Nilipomaliza nilianza kuandika, nikaharibu kadi nyingi. Nimeziandika kwa lugha zote mbili, moja juu ya nyingine, ili asitokee wa kusema hakuelewa. Hilo hukuniagiza. Nimeliongeza mwenyewe.

Mpango wa viti niliupeleka kwa Mshauri. Alikuwa anapakwa kucha rangi, kwa hiyo alitazama bila kushika. Akasema, "Wakubwa wote meza moja. Safi, ya kisasa. Ile ya zamani ilikuwa imetawanyika kama mitumba chini." Akasaini kwa penseli ya nyusi. Kadi hakuomba kuziona.

Nilitaka kucheka, Shangazi. Mimi ambaye hata kupiga chafya mbele za watu naona aibu. Tangu siku ile nikilala naiona meza ile, na sipati hofu. Napata kitu kama njaa. Je, ni dhambi?

Na nina swali. Ukishamwaibisha, utarudi wapi?

Ni mimi


Hospitali
6 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na salamu nyingi zisizo na idadi kwa kaka na kidole chake.

Naandika haraka ili iwahi. Jumapili nilikuwa naangalia bomba langu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa yeye. Hana Katibu, hana mlinzi, ameshika ndizi kwenye mfuko wa nailoni kama mume wa mtu yeyote. Amekaa kitandani. Amesema nyumba haina ladha. Amesema yule ni kazi tu, watu wanaongeza chumvi, na nikirudi ataondoka siku hiyohiyo. Amesema baada ya dhifa, mambo yakitulia, atakuja kunichukua kwa gari letu wenyewe. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto kama zamani.

Kwa hiyo uache ule mpango. Zilikuwa hasira za mtu aliyefungiwa na ukuta. Wapange kama nilivyokuwa nawapanga: Kanali chini ya spika, Mama Mbunge na mabalozi, Mwenye Saruji mlango wa jikoni, Wakili umtafutie mwenye kesi, hawakosekani. Kadi zichane, andika vyeo vyao vya kawaida. Akishinda uenyekiti mimi nitakuwa mke wa Mwenyekiti, nitarudi kwenye kiti changu, na nawe utakuwa na kwenu. Usipofanya hivi utakuwa umenifungia mlango mwenyewe.

Usijibu. Fanya tu.

Shangazi yako


Saluni
27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba mzima. Msusi mzima. Mimi nalala hapa saluni kwenye godoro la chumba cha nyuma, nguo zangu zimo kwenye kapu la taulo. Nyumbani Katibu alinitolea begi langu nje ya geti na simu yangu juu yake. Simu alikuwa ameichaji.

Ile barua yako ilifika Jumatano. Dhifa ilikuwa Jumamosi. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma mengine, kwa sababu ningeweza kukuambia ilichelewa posta na usingejua. Msusi mwenyewe alinishauri hivyo. "Sema haikufika, mambo yaishe." Ilifika. Niliisoma mara mbili, chini ya lile dude la kukaushia nywele, nikaikunja, na Jumamosi asubuhi nikaenda hotelini kupanga kadi kama tulivyopatana mwezi wa nne.

Ningeweza pia kukuambia nilimsikia akikusema vibaya tena, au kwamba niligundua alikudanganya alipokaa kitandani kwako. Sikusikia kitu. Labda alisema kweli. Nilifanya kwa sababu nilimwona Mshauri asubuhi ile ndani ya gauni lako lililokatwa, na kwa sababu ya kofi la mgongoni, na kwa sababu ya miaka yote ya Bubu lete maji, Bubu toka kwenye picha. Ulikuwa umemsamehe wewe. Mimi nilikuwa bado.

Sasa nikusimulie.

Walifika kwa mafungu, wakatafuta meza zao. Kanali alikaa wa kwanza, mgongo umenyooka. Mama Mbunge akafuata na mumewe, kisha Mwenye Saruji na mkewe, Wakili mwisho. Walisalimiana vizuri sana. Mheshimiwa aliwaona kutoka meza kuu na nikaona kidevu chake kinasimama. Aliinuka nusu. Mshauri akamvuta mkono, akamwambia kitu huku anatabasamu, nadhani alimwambia ni ya kisasa. Wapiga picha walikuwa tayari wanampiga, basi akakaa.

Kwa muda hakuna aliyesoma. Kila mtu alitazama kadi yake tu, akaridhika, akaigeuza kidogo ili jirani aione. Hilo ndilo sikulitegemea. Kila mmoja alikuwa anawaonyesha wengine yake.

Aliyeanza ni Wakili. Aliinama kwa upole, akamwambia Kanali, "Mzee, samahani, naona kadi yako wameikosea."

Kanali akaweka mkono sikioni. "Wamekosea nini?"

"Cheo."

Kanali akaisogeza mbali, akaisoma lugha ya kwanza, akaisoma ya pili. "Haijakosewa. Yako ndiyo imekosewa."

Mwenye Saruji aliacha kutafuna, na wewe unajua hilo lina maana gani. Alivaa miwani, akaizunguka meza kwa macho, kadi baada ya kadi, halafu akaivua. Mke wake akamuuliza polepole, "Baba, si ulisema ni wewe?" Akaikunja miwani. Mama Mbunge ndiye aliyecheka. Alicheka hadi akajifuta chini ya macho kwa ncha ya kitambaa. "Makamu wanne," alisema. "Jamani, hiki ni chama au ni timu ya mpira wa wavu?" Kisha kicheko kikaisha ghafla, akamtazama Kanali. "Na wewe alikuambia kwenye veranda?"

"Kwenye veranda," Kanali akasema, na ukumbi mzima ukasikia.

Wakili akanyoosha kidole kuniita. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo na jagi la maji. "Binti, nani aliandika hizi?"

Shangazi, niliweka jagi chini. Nikajibu, na nilijibu kwa sauti hadi meza ya pili wakageuka. "Niliandika mimi. Kila mtu alivyoniambia mwenyewe kwenye simu." Wakili akafikiri. Akasema, "Ni kweli, aliuliza." Hakuna aliyeniuliza kingine.

Basi Mheshimiwa akasimama kuhutubia. Nadhani aliamini bado anaweza kuwahi. Alisema ya maendeleo, alisema ya vijana. Kisha akafika pale alipokuwa amepangiwa, ilikuwa kwenye karatasi na Mshauri alikuwa ameipigia mstari. Alisema, "Mwenyekiti hafanyi kazi peke yake. Nina mkono wangu wa kulia. Anajijua. Namwomba asimame tumpigie makofi."

Wale wanne hawakusimama. Kanali alikunja mikono. Mwenye Saruji aliivuta sahani karibu, lakini hakula. Mama Mbunge alichukua kadi yake, akaitia kwenye mkoba, akaufunga, na sauti ya kile kifungo niliisikia nilipokuwa nimesimama. Mheshimiwa akatabasamu kuielekea meza ile, akangoja, akawatazama mmoja mmoja kama anayewaomba yeyote kati yao amsaidie.

Ndipo Mshauri akasimama.

Alisimama kwa haya kidogo, anarekebisha gauni la kijani, anapungia mkono ukumbi. Yeye pia aliambiwa, Shangazi. Yeye pia alikuwa mkono wa kulia. Mke wa Mwenye Saruji ndiye aliyeanza kucheka, halafu mume wa Mama Mbunge, halafu meza ya nyuma ambao hawakujua hata kilichotokea. Mheshimiwa akamwambia kaa chini, na alikuwa amesahau kipaza sauti.

Wale wanne waliondoka pamoja, kwenye gari moja. Jumatatu walikutana na waandishi wa habari wakamtangaza mtu mwingine. Jumanne Mheshimiwa akajitoa. Redio ilisema ni kwa sababu za kiafya.

Najua nilichokunyima. Ulikuwa na gari la kukufuata, sasa hakuna. Ukitaka usiniite mtoto wako tena nitaelewa, lakini siwezi kusema najuta, kwa sababu kila nikijaribu kujuta naliona gauni lile limesimama peke yake, na nafurahi upya.

Ni mimi


Hospitali
14 Juni

We mtoto,

Salamu zako nimezipata, na sikuitikia. Itikio nililiweka pembeni nikaona kwanza kama unastahili.

Nilikasirika. Nisikufiche. Siku nyingi nililala nimegeukia ukuta, nikiandaa maneno ya kukuandikia kwamba umeninyima nyumba, umeninyima mume, umenifanya mzee kabla ya wakati. Nilikuwa nimeshapanga hata mabegi yangu kwa ajili ya lile gari. Nilimwambia nesi anisuke vizuri. Hilo linanichoma kuliko yote, kwamba nilisuka.

Kisha alikuja.

Safari hii hakuleta ndizi. Amekonda, shati limemzidi shingo. Alikaa palepale kitandani akasema amechoka, watu wote ni nyoka, Mshauri ameondoka na kompyuta ya ofisi. Akasema turudi nyumbani, anahitaji mtu wa kukaa naye. Nikamuuliza, "Uliniambia baada ya dhifa utakuja kunichukua. Ungekuja kama ungeshinda?" Mwanangu, yule mtu ana majibu ya maswali yote duniani. Nimemwona akijibu bunge zima huku anakula karanga. Kwa swali hilo aligeuza shingo. Alitazama bomba.

Sasa nikuambie ulichouliza Februari. Siumwi kitu. Sikuwahi kuumwa. Aliniambia nikae huku miezi michache hadi uchaguzi upite, nikakubali, nikajiambia kwamba ndiyo kazi. Mlango haukuwa na kufuli hata siku moja. Hilo sikutaka ulijue, wewe hasa, maana ungeniuliza kwa nini sikutoka.

Nimemwita daktari mbele yake. Nikamwambia, "Huyu bwana redio imetangaza ana matatizo ya afya. Chumba kimeshalipiwa hadi mwisho wa mwaka. Mlaze." Daktari akacheka akidhani natania. Nikashusha mabegi yangu kitandani, nikamwonyesha Mheshimiwa mahali pa kuweka viatu. Nesi nimemwagiza asimchokoze kwa maswali, amchane tu, kwa mkono uleule. Niliposhika mlango Mheshimiwa akaniita jina langu, lile la usichana. Sikugeuka. Huenda nilitaka. Lakini sikugeuka.

Naja kwa basi la kesho kutwa. Mwambie Msusi godoro alipanue, na ile rangi ya waridi inisubiri, nitaisema mwenyewe. Umeandika vizuri, mwalimu wako angefurahi, lakini umenipunja. Mwenye Saruji alivua miwani, halafu uso ukawaje? Mke wa Kanali alikuwa wapi? Aliposema kaa chini, alimwambia kwa lugha ipi? Usiniandikie. Nataka unisimulie kwa mdomo, mbele ya wateja wote, kiti baada ya kiti, na ukinong'ona nitakuambia urudie.

Marahaba.

Shangazi yako